Jenereta ya kwenye theluji si ya Kariakoo

Kila ikifika Oktoba simu zinaanza. "Kaka, nataka kununua jenereta, nichukue ya kilowati ngapi?" Siku hizi sijibu kilowati, nauliza kwanza maji ya nyumba yako yanatoka wapi na joto lako linatoka wapi. Watu wanashangaa, mtu kaja na swali la umeme unamuuliza habari za kisima, lakini kwa huku Maine, Marekani, na nina uhakika hata kwa ndugu zetu wa Minnesota na Kanada, jibu la jenereta limekaa kwenye hivyo vitu viwili. TV, taa na chaja ya simu ni vya mwisho kabisa.

Tatizo ni kwamba jenereta tunayoijua ni ya nyumbani. Tumekulia mgao sisi, tunaijua kuanzia ile ndogo ya Tiger ya kuvuta kamba inayolia kibarazani mwa duka mpaka yale madude ya dizeli ya hotelini, na kazi yake siku zote ni ile ile, taa ziwake, soda zibaki baridi, mechi isiishie njiani. Umeme ukigoma kurudi unanung'unika, unatoa mkeka nje unalala, asubuhi maisha yanaendelea. Huku Januari nje kukiwa na hasi 20 (nyuzi zote humu ni Selsiasi, hizo Farenhaiti za Wamarekani mpaka leo hazijaniingia) umeme ukikatika nyumba yenyewe ndo inaanza kuharibika. Boila, ile mashine ya kuchemsha maji yanayopasha nyumba joto, inaweza kuwa na tangi limejaa mafuta mpaka juu ila mota ya kusukuma hayo mafuta, cheche ya kuyawasha na pampu ya kuzungusha maji ya moto vyote vinakula umeme, kwa hiyo tangi limejaa na nyumba inapoa. Ikipoa vya kutosha maji ndani ya mabomba yaliyopita kwenye kuta za nje yanaganda, yakiganda yanatanuka, bomba linapasuka, na ubaya wake ni kwamba hujui, maana barafu yenyewe imeziba ule ufa. Unakuja kujua umeme umerudi na joto limepanda, dari inamwaga maji.

Na usidhani ni jambo la nadra. Karibu asilimia 90 ya Maine ni msitu, nyaya za umeme zinapita kwenye nguzo katikati ya miti, upepo ukivuma au barafu ikikaa kwenye matawi basi. Wenyeji wakikaa kwenye kahawa bado wanasimulia barafu ya Januari 1998, zaidi ya nusu ya watu wa jimbo zima walibaki gizani, wengine wiki mbili na zaidi, na ng'ambo ya mpaka Quebec ilikuwa mbaya kupita hapo. Oktoba 2017 upepo ukarudia, karibu wateja nusu milioni. Desemba 18, 2023 tena, zaidi ya laki nne, ila ile siku Mungu alitusaidia, hali ya hewa ilikuwa ya joto na mvua, ingekuwa wiki ya baridi kali tungeongea mengine.

Sasa turudi kwenye lile swali. Ukiwa mjini Lewiston au Portland, maji ni ya bomba la mji na joto ni boila ya mafuta kama nyumba nyingi za huku, mahitaji yako ni madogo kuliko unavyofikiri. Boila ya mafuta na pampu zake za kuzungusha maji kwa kawaida haifiki wati 600. Friji ikiwa inafanya kazi inakula wati 150 hadi 200 hivi, ila pale inapowaka inaruka mara kadhaa ya hapo kwa sekunde moja mbili. Taa za LED, intaneti na simu ni kitu kidogo. Ile jenereta ndogo ya inveta ya wati 2,000 hivi, unayoibeba kwa mkono mmoja, inakutosha na inabaki. Mtu akikwambia bila kilowati 10 utakufa kwa baridi anakuuzia jenereta.

Ila ukishahamia nje ya mji, na wengi wetu tunahamia huko kwa sababu nyumba ni nafuu na watoto wanapata pa kukimbia, maji yako ni ya kisima, na chini ya hicho kisima kuna pampu, na hiyo pampu mara nyingi ni ya volti 240. Hapo ndo hesabu inabadilika kabisa. Pampu yenye nguvu ya nusu farasi inakula kama wati 1,000 ikiwa inazunguka lakini kuanza kwake inataka mara mbili hata tatu ya hiyo, na zile inveta ndogo zinatoa volti 120 peke yake, kwa hiyo hata ungekuwa nazo 3 pampu haitageuka. Unahitaji mashine yenye ile soketi ya duara ya pini nne ya volti 240, na kuanzia wati 5,000 kwenda juu. Kuna wanaokwepa gharama kwa kujaza maji kabla, na hapa sisi tuko mbele ya Wamarekani kwa mbali, mama wa Kiafrika akisikia dhoruba inakuja ndoo na madumu na beseni vyote vimejaa kabla mtangazaji hajamaliza sentensi. Kwa siku mbili inafanya kazi, zaidi ya hapo ukiwa na watoto wanne utachoka.

Kama nyumba inapashwa joto kwa umeme mtupu, zile hita ndefu za ukutani, usijidanganye, nyumba nzima inaweza kutaka kilowati 10 au 15 na hakuna jenereta ya kubeba itakayoibeba. Hapo tafuta njia nyingine ya joto, jiko la kuni lenye bomba lake la moshi lililofungwa na fundi anayejua, au hita ya ukutani ya gesi isiyotumia umeme. Na mpangaji wa ghorofani jenereta si yako, ongea na mwenye nyumba, tafuta nguo nzito, ujue kituo cha kujikinga na baridi kilipo.

Kabla sijasahau, kuna anayeuliza kila mwaka kama akiichoka anaweza kuitupia kwenye kontena iende Dar. Hii ya huku inatoa volti 120 na 240 kwa hezi 60, kule ni 230 kwa 50. Mwachie jirani.

Kwenye mafuta sasa. Petroli inapatikana kirahisi, ila kirahisi hiyo ni siku ya kawaida, umeme ukikatika mji mzima na pampu za sheli zinakatika. Alafu petroli ya huku ina ethanoli asilimia 10, ambayo inavuta unyevu, ikikaa miezi kwenye kabureta inaacha utando unaoziba vile vitundu vidogo, na ule unyevu ukijikusanya chini ya tangi unaganda kwenye mpira wa mafuta na injini inakataa. Kuna sheli zinauza isiyo na ethanoli, ni ghali, kwa jenereta nakushauri uilipe. Dizeli kwa nyumba ya kawaida ya huku mimi siipendi, baridi ikizidi ile nta iliyomo ndani inaanza kujitokeza, mafuta yanakuwa mazito yanaziba filta, mpaka utafute dizeli ya msimu wa baridi au uchanganye na mafuta ya taa.

Gesi ya mtungi ndo naipenda zaidi. Haiozi, ukiiweka leo ukaifungua baada ya miaka 5 ni ile ile, na haichafui kabureta. Ila kuna mtego. Mtungi wa jikoni wa nyumbani ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na buteni kwenye sifuri tu inagoma kugeuka mvuke. Huku wanauza propeni, ambayo inachemka kwenye hasi 42, kwa hiyo kwenye karatasi hasi 20 haina tatizo. Kwa vitendo mtungi mdogo wa kilo 9, ule wa kuchomea nyama, ukiufunga kwenye jenereta ya wati 7,000 hali ya hewa ikiwa hivyo, gesi inavyotoka inazidi kuupooza mtungi wenyewe, unaona unaota umande mweupe kuanzia chini kupanda, presha inashuka, injini inaanza kukohoa wakati gesi bado iko nusu mtungi. Wanaojua wanaunganisha mitungi miwili au wanatumia mkubwa wa kilo 45. Na usije ukaupasha kwa moto au ile bunduki ya hewa ya moto ya kubandulia rangi, nimeshasikia watu wanafikiria hayo. Zile mashine zinazokubali vyote viwili, petroli na gesi, ndo jibu langu kwa wengi, bei yake siku hizi haijapishana sana na za petroli tupu, ila kumbuka kwenye gesi inatoa nguvu pungufu kama asilimia 10.

Haya, umeinunua, iko kwenye boksi. Kitu cha kwanza kabisa, kabla ya petroli, ni oili, na hapa ndo mazoea ya nyumbani yanatuponza. Fundi wa Dar ukimwambia oili ya injini mkono unaenda wenyewe kwenye 20W-50, na kwa joto lile yuko sahihi. Ile namba yenye W inahusu baridi, 20W imepimwa injini izunguke kwenye hasi 15, 10W kwenye hasi 25, 5W hasi 30, 0W hasi 35. Kwa hiyo ile 10W-30 inayokuja na mashine nyingi kwenye boksi ni ya vuli na masika, kwa Januari ya huku weka 5W-30 sintetiki, na kama uko Winnipeg, Kanada, au kaskazini kabisa ya Maine angalia kama kitabu cha mashine kinaruhusu 0W. Oili ya kwanza imwage baada ya masaa 20 hadi 25, maana injini mpya inatema vumbi la chuma, baada ya hapo kila masaa 50 hadi 100. Watu wanasikia masaa 100 wanaona mbali. Umeme ukikatika siku nne na mashine inanguruma usiku na mchana ushafika. Ndo maana kwenye dhoruba ndefu unaizima kila baada ya masaa 8 unachomoa kijiti cha oili unaangalia, hizi injini ndogo zinakula oili, na ile kinga ya oili kushuka itaizima saa 9 usiku, haitachagua muda mzuri.

Kuna kitu kingine ambacho sikuwahi kukisikia popote nyumbani. Mzee mmoja wa Bukavu, tunasali naye, alinipigia asubuhi moja ya hasi 24, "Ndugu, gurupe inatapika mafuta." Gurupe ni jenereta kwa Kiswahili cha Kongo. Nikaenda. Theluji mbele ya mashine ilikuwa nyeusi, oili imetoka kwenye sili ya mbele, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, injini imezimika yenyewe. Tukafungua boksi la filta ya hewa tukakuta ule mpira mwembamba unaotoka kwenye injini kuja kwenye filta umejaa barafu ya rangi ya krimu, ngumu kabisa, ukiugonga unalia. Ule mpira ndo pumzi ya injini. Injini yoyote inavyochoma mafuta inatengeneza mvuke wa maji, kiasi kidogo kinapita pembeni ya pistoni kinaingia kwenye chemba ya oili, na inatakiwa kitoke kwa huo mpira. Baridi kali, na mashine imewashwa usiku kucha kwa mzigo mdogo haikuwahi kupata moto sawasawa, ule mvuke ukaganda njiani, tabaka juu ya tabaka mpaka njia ikaziba. Presha ikakosa pa kutokea, ikasukuma sili. Kifuniko cha oili kwa ndani kilikuwa na povu zito kama maziwa ya chai yaliyoganda juu.

Sili ni kitu cha dola chache, kazi ni kuifikia. Lakini kinga yake haina gharama. Ipe mashine mzigo wa maana, ndo sababu nyingine ya kutonunua kubwa kupita mahitaji, jenereta ya kilowati 9 inayobeba taa tatu na ruta haipati joto. Ikinge upepo, ukuta wa pande mbili tatu na paa, iwe na hewa ya kutosha lakini ule upepo wa kaskazini usiipige kifuani. Baridi ikipita hasi 15 hivi kila unapoizima kuongeza mafuta kagua huo mpira. Kuna kampuni zinauza kifaa cha kuongezea cha msimu wa baridi kwa baadhi ya modeli, kinaelekeza hewa yenye joto ya injini kwenye kabureta na kwenye huo mpira, kama modeli yako inacho kinunue. Na yale mazoea ya kuiwasha dakika tano kila mwezi "kuichangamsha" yaache, dakika tano zinaingiza maji kwenye oili bila kuyatoa. Nusu saa, na hita ya umeme ya wati 1,500 imechomekwa, angalau mashine ichemke.

Kabureta nayo inaganda, ila si kwenye baridi ile kali, ni karibu na sifuri, siku za ukungu na theluji mbichi. Hewa inavyopita kwa kasi na petroli inavyogeuka mvuke inapoa zaidi, unyevu unaganda mlangoni, injini inapanda na kushuka inajizima. Unasubiri dakika kumi, joto la injini linaiyeyusha, inawaka kama hakijatokea kitu. Watu wengi wamefungua kabureta nzima mezani wakitafuta ugonjwa ambao ulishayeyuka.

Kuiwasha kwenye hasi 20 kuna adabu yake. Betri kwanza, kama mashine ni ya kubonyeza kitufe. Betri ya asidi kwenye hasi 18 inabaki na kama nusu ya nguvu zake, wakati huo huo injini ngumu inadai zaidi, na betri iliyoisha chaji inaganda kabisa kwenye hasi 7 au zaidi kidogo, wakati iliyojaa inavumilia mpaka chini ya hasi 50. Kwa hiyo iache kwenye chaja ndogo msimu mzima, na usinunue mashine ya kitufe isiyokuwa na kamba. Zima swichi ya injini kwanza, vuta kamba taratibu mara kadhaa ili oili isogee, ndo uwashe swichi, choki yote, uvute kwa nguvu. Ikiwaka iache bila mzigo dakika tatu hadi tano. Alafu anza na mota kubwa, pampu ya kisima ikianza na kutulia ndo unaleta boila, friji, mengine. Ukiwasha vyote pamoja utasikia mwenyewe inavyolia.

Petroli ikimwagika mkononi kwenye baridi hiyo si kama nyumbani unapangusa kwenye suruali. Haigandi, kwa hiyo ile ya kwenye dumu lililolala nje iko hasi 20 kama hewa, na ikikauka ngozini inapooza zaidi, unapata jeraha la baridi kwa sekunde. Glavu za mpira juu ya zile za sufu. Na ekstensheni za kawaida za plastiki zinakakamaa zinapasuka ukizikunja, tafuta iliyoandikwa inahimili baridi, nene.

Kuunganisha na nyumba. Naandika hapa kwa sauti kubwa, ule waya wa dume kwa dume, plagi pande zote mbili, unaochomeka kwenye soketi ya mashine ya kufulia na umeme unaingia nyumbani kinyumenyume, usiuguse. Najua fundi wa mtaani atakutengenezea kwa dola 40 na najua uliwahi kuuona Mbagala. Ukisahau kushusha meni swichi, umeme wako unatoka unaenda kwenye transfoma ya mtaani, na transfoma ikipokea 240 upande wa nyumba inatoa 7,200 upande wa nguzo, na pale juu kuna baba wa watu amepanda kwenye barafu anakutengenezea umeme. Weka chenjiova, ile swichi ya kuchagua umeme wa mtaa au wa jenereta, au kile kipande cha chuma kwenye meni swichi kinachozuia breka ya umeme wa mtaa na breka ya jenereta zisiwake pamoja, na boksi la kuchomekea nje ya ukuta. Fundi mwenye leseni, kibali cha mji, dola mia kadhaa mpaka elfu na kitu. Ukiweza kulipia kitu kimoja tu kizuri mwaka huu, lipia hicho, jenereta yenyewe chukua ya bei rahisi.

Na chenjiova inatibu ugonjwa mwingine unaowatesa wenzetu wa fanesi za gesi, zile mashine zinazopasha nyumba kwa hewa ya moto. Rafiki yangu Minneapolis alinunua inveta safi, akachomeka fanesi moja kwa moja kwa ekstensheni, fanesi inawaka, sekunde kadhaa inazima, inawaka tena inazima, mwisho inajifunga. Kaita fundi, fundi kasema fanesi nzima. Kweli ilikuwa nzima. Fanesi za gesi zinahakikisha moto upo kwa kupitisha umeme mdogo sana ndani ya ule moto kwenda kwenye ardhi, na inveta nyingi ndogo nyutro yake, ule waya wa kurudishia umeme, haijaungwa na ardhi, kwa hiyo ule umeme haukamiliki safari, fanesi inadhani hakuna moto inakata gesi. Ukipitia kwenye meni swichi ya nyumba, nyutro na ardhi tayari zimeungwa pale, inafanya kazi. Boila zetu za mafuta zinaangalia moto kwa jicho la mwanga, hazina hiyo shida.

Kuhusu yale makubwa yanayokaa nje kama kabati na kujiwasha yenyewe, ya Generac au Kohler, yenye mtungi mkubwa wa gesi. Ni mazuri. Ukijumlisha na ufungaji mara nyingi unavuka dola 10,000, na kama kuna mzee ndani au mtu wa mashine ya oksijeni sina la kubisha, nunua. Ila usidhani hayaulizi kitu, huku yanataka kipasha betri na kipasha oili, msingi uinuliwe juu ya theluji, na kila ikidondoka utoke na koleo ufukue matundu ya hewa. Panya wanapenda sana mle ndani vuli ikianza.

Moshi. Marekani karibu watu 100 wanakufa kila mwaka kwa kaboni monoksaidi ya jenereta za kubeba, gesi hiyo ya moshi haina harufu wala rangi, unasikia kichwa na usingizi ukidhani ni uchovu. Nyumbani jenereta kibarazani haikutuua kwa sababu nyumba zetu zinapumua, madirisha ya nondo na wavu, upepo unapita. Nyumba ya huku imezibwa kila ufa ili joto lisitoke. Mita 6 kutoka nyumbani, ekzosi iangalie nje, isiwe chini ya dirisha, na gereji ya nyumba hapana, hata mlango ukiwa wazi wote hapana. Na jiko la mkaa ndani hapana. Desemba 2006 upepo ulikata umeme Seattle, wahamiaji wengi wakalazwa kwa moshi wa mkaa na jenereta, mpaka gazeti la Seattle Times likachapa onyo ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwemo. Texas Februari 2021 yakajirudia. King'ora cha kaboni monoksaidi chenye betri ni dola 25 hivi, kimoja kila ghorofa.

Swali la mwisho ambalo huwa linakuja ni mafuta yatatosha? Mashine ya wati 7,000 kwa mzigo wa nusu inakunywa kama lita 2 mpaka 2 na nusu kwa saa. Ukiiacha masaa 24 ni lita 50 na kitu kwa siku, madumu matatu ya huku, na barabara imefungwa. Hakuna sababu ya kuiacha. Nyumba iliyozibwa vizuri inapoa taratibu, friji lisilofunguliwa linavumilia masaa manne, friza siku nzima na zaidi. Sisi kwetu tunawasha masaa matatu alfajiri, mawili mchana, matatu jioni, na usiku kati kati mara moja baridi ikiwa ya kutisha. Kila ikiwaka boila inapandisha nyumba mpaka 21, pampu inajaza tangi, watu wanaoga haraka haraka, simu zinachajiwa, ndoo zinajazwa tena. Ukishazima iache ipoe robo saa ndo umimine petroli, si kwenye ekzosi ya moto na tochi mdomoni.

Mwaka huu nimeongeza betri ya lithiamu ya kilowati-saa 2, inakaa besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Hizo nazo zina masharti, chini ya sifuri hazikubali kuchajiwa, zikilazimishwa zinaharibika, kwa hiyo mahali pake ni ndani, na kwa bahati nzuri hazitoi moshi. Jenereta ikiwaka jioni inaijaza, usiku inabeba boila kimya kimya mpaka karibu na asubuhi, mke wangu anasema hiyo ndo hela pekee niliyotumia kwa akili. Aprili ikifika nafunga bomba la petroli naiacha mashine inanguruma mpaka ikauke yenyewe, nafungua ile skrubu ya chini ya bakuli la kabureta litoke lililobaki, madumu yote yenye petroli namimina kwenye gari naendea kazini.